Kioo cha simu na arifa zinazoingia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaoniletea simu kwa sababu ya arifa husema maneno yaleyale. Mmoja atasema, "Meseji zinaingia ila kioo hakiwaki." Mwingine atasema, "Kioo kinawaka chenyewe usiku kucha." Mara nyingi simu yenyewe ni nzima kabisa. Kinachowachanganya ni kwamba kufika kwa ujumbe ni jambo moja, kuwaka kwa kioo ni jambo lingine, na katikati simu hupitisha maamuzi kadhaa ambayo mwenyewe hayaoni. Ukishajua ni uamuzi upi umekukwamisha, marekebisho huchukua dakika mbili.

Kioo kikiwa kimezimika, simu inajuaje kwamba kuna ujumbe?

Kioo kikizimika, simu hailali yote. Kinacholala usingizi mzito ni prosesa kuu, ile inayoendesha programu zako. Modemu, yaani sehemu inayozungumza na minara, hukesha kwa zamu: inalala kidogo, inaamka, inasikiliza mnara kwa muda mfupi sana kama imeitwa, inalala tena. Kwenye 4G zamu hizo huwa kila baada ya sekunde 0.32 hadi 2.56, kadiri mtandao ulivyopanga. Kwenye Wi-Fi mambo yanafanana. Kwa kawaida ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, hutoa mwito karibu mara kumi kwa sekunde, na ndani yake mna orodha ya vifaa ambavyo mzigo wao unasubiri. Simu huamkia baadhi ya miito hiyo kuangalia kama imo.

Ikiitwa, modemu huishtua prosesa kuu. Prosesa inaamka, inapokea data, inaikabidhi kwa programu husika, na programu inaandaa arifa. Angalia basi: ujumbe umeshafika, umeshasomwa na mashine, na kioo bado ni cheusi. Simu yako inaweza kuamka na kulala hivyo mara nyingi sana kwa usiku mmoja bila wewe kuona hata chembe ya mwanga.

Kwa hiyo kila programu inakesha ikisubiri ujumbe wake?

Hapana, na ingekuwa hivyo betri isingefika jioni. Programu zote hutumia mlango mmoja. Apple walifungua huduma yao ya kusukuma arifa mwaka 2009, Google wakafuata mwaka 2010 pamoja na Android 2.2, na tangu 2016 ya Google inaitwa Firebase Cloud Messaging. Simu hushikilia muunganisho mmoja tu na seva, yaani kompyuta kubwa, za huduma hiyo. Mtu akikuandikia, seva ya programu ya meseji haikutafuti wewe moja kwa moja. Inampa mzigo mwenye mlango, naye anaufikisha. Mzigo wenyewe ni mdogo, kikomo chake ni baiti 4,096. Ndiyo maana programu nyingine hutuma kama kubisha hodi tu, kisha simu inakwenda yenyewe kuchukua maandishi au picha.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lingine ninaloulizwa: mbona arifa nyingine husema "Una ujumbe mpya" na basi? Programu zinazofunga meseji kwa siri kati ya watu wawili hazitaki maandishi yapite wazi kwenye seva za mtu mwingine. Zinabisha hodi, kisha simu inafungua ujumbe hapohapo ilipo. Mtandao ukiwa mzito na muda ukiisha kabla haijamaliza, unabaki na ule mwito mtupu.

Ujumbe wa kawaida wa SMS haupiti mlango huu. Unakuja kwa njia ya mtandao wa simu wenyewe, na ndiyo sababu unaingia hata ukiwa umezima data.

Sasa nani anaamua kwamba kioo kiwake?

Mfumo wa simu, kwa kutazama uzito wa arifa. Programu hupendekeza uzito huo, lakini neno la mwisho ni lako.

Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, kila programu hugawa arifa zake katika aina, na kila aina ina uzito wake. Programu moja ya meseji inaweza kuwa na aina ya "ujumbe wa mtu mmoja", nyingine ya "makundi", nyingine ya "kupakia picha". Aina iliyowekwa kwenye Kimya haiwashi kioo. Inaingia kwenye orodha na kukaa pale hadi uiangalie. Iliyo juu ya Kimya inaweza kuwasha kioo, ikiwa simu yako imeruhusiwa kufanya hivyo kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa. Jina na mahali pa swichi hiyo hutofautiana kati ya simu na simu, ila ukiingia kwenye Mipangilio na kuandika neno "arifa" au "skrini iliyofungwa" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaifikia. Nimeona watu wengi wakikagua arifa za programu kwa ujumla, wakakuta zimeruhusiwa, wakakata tamaa. Ingia ndani zaidi, kwenye zile aina. Mara nyingi ni aina moja tu iliyoteremshwa kwenye Kimya, pengine kwa kubonyeza arifa kwa muda mrefu na kugusa chaguo bila kukusudia.

Kwenye iPhone, tangu iOS 15 (toleo la mfumo wa iPhone) ya mwaka 2021, kuna ngazi nne. Ya chini kabisa huiweka arifa kwenye orodha bila mlio na bila kuwasha kioo. Ya pili ni ya kawaida: mlio na mwanga. Ya tatu ni kwa mambo yanayotaka uangalie sasa hivi, na inaweza kupenya hali ya Focus, ile inayonyamazisha arifa ukiwa na shughuli, ukiiruhusu. Ya nne ni ya hatari, mfano tahadhari za afya na usalama. Hupiga kelele hata simu ikiwa kwenye ukimya, na mtengenezaji wa programu hawezi kuitumia bila kibali maalumu cha Apple. Juu ya hapo, kila programu ina alama ya kuruhusu arifa zionekane kwenye skrini iliyofungwa. Ukiiondoa alama hiyo mlio unaweza kubaki, lakini kioo kitakaa kimya. Hili ndilo ninalolikuta zaidi kwa mtu anayesema "nasikia mlio ila sioni kitu".

Halafu kuna Usinisumbue. Watu hudhani inazima sauti tu. Kwenye Android inaweza pia kuzuia kioo kisiwake, na ikiwa umeipangia ratiba ya usiku, inawezekana inaendelea kufanya kazi saa ambazo umeshaisahau.

Mbona kioo hakiwaki simu ikiwa mfukoni au nikiilaza kifudifudi?

Kwa sababu imejihisi imefunikwa, na hiyo ni hekima nzuri. Karibu na spika ya sikioni pana kihisi cha ukaribu, kilekile kinachozima kioo unapoweka simu sikioni ukiongea. Simu nyingi hukiuliza kihisi hicho kabla ya kuwasha kioo kwa ajili ya arifa: kuna kitu mbele yako? Jibu likiwa ndiyo, mlio unatoka, mtetemo unatoka, kioo kinabaki kimezimwa. iPhone zimekuwa zikitambua kwamba zimelazwa kifudifudi tangu iOS 9 ya mwaka 2015, zikisaidiwa pia na kihisi cha mwanga.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Weka simu mezani ikiangalia juu, ifunge, subiri kioo kizime, kisha mwombe mtu akutumie meseji. Kioo kitawaka. Sasa funika kwa kidole gumba ile sehemu ya juu, karibu na kamera ya mbele, ujumbe wa pili uingie. Utausikia, lakini kwa simu nyingi kioo hakitawaka.

Jaribio hili limenionyesha chanzo ambacho wengi hawakifikirii: kioo cha ziada cha kulinda skrini. Vingine vina ukingo mweusi unaokaa juu kabisa ya kihisi, au gundi iliyoingia ukungu. Simu inaamini iko mfukoni siku nzima. Dalili yake ya pili ni kwamba ukipiga simu, kioo kinazima hata kabla hujaipeleka sikioni na hakirudi ukiitoa. Ukiona dalili zote mbili pamoja, usifute programu yoyote. Bandua hicho kioo kwanza.

Makava ya kufunika yenye sumaku ni jambo jingine la namna hiyo. Simu nyingi zina kihisi cha sumaku, na kifuniko kikikaa karibu nacho simu inajua imefungwa.

Kwa nini arifa zote huingia kwa mkupuo ninapoishika simu?

Hili linawaumiza watu kweli, maana mtu anakosa jambo la maana halafu anaonekana amepuuza. Hapa tatizo haliko kwenye kioo kabisa. Ujumbe wenyewe haukuwa umefika.

Sababu ya kwanza ni usingizi uliopangwa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikiwa kioo kimezimwa, haiko kwenye chaji na haijasogezwa kwa muda, inaingia usingizi mzito unaoitwa Doze. Humo programu hunyimwa mtandao, isipokuwa kwa madirisha mafupi ambayo huzidi kuachana kadiri simu inavyoendelea kulala. Android 7 ya mwaka 2016 iliongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa inatembea nawe mfukoni. Ujumbe uliotumwa ukiwa na kipaumbele cha juu huruhusiwa kuiamsha simu. Wa kipaumbele cha kawaida husubiri dirisha. Kwa hiyo mtengenezaji wa programu akikosea kuchagua kipaumbele, meseji ya saa mbili utaiona saa nne, pale unapoinyanyua simu na usingizi kukatika.

Sababu ya pili ni ukali wa baadhi ya watengenezaji wa simu. Wameongeza vidhibiti vyao vya betri juu ya vile vya Android, na vingine huua programu usizozitumia kwa siku kadhaa, au huua kila unayoifagia kwenye orodha ya zilizotumika karibuni. Android ina kanuni kwamba programu iliyosimamishwa kwa nguvu haipokei tena miito mpaka uifungue mwenyewe. Kwenye iPhone kufagia programu hakuzuii arifa zenye maandishi kukufikia. Kwenye simu za Android zenye vidhibiti hivyo, kunaweza kuzuia. Kwa programu unazozitegemea kikazi au kifamilia, nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo, uiondolee vizuizi, na kama kuna ruhusa ya kujiwasha yenyewe, iwashe. Usifanye hivyo kwa zote. Chagua mbili au tatu.

Sababu ya tatu haionekani popote kwenye simu. Ule muunganisho mmoja niliousema hupita kwenye vifaa vya mtandao vinavyoweka kumbukumbu ya nani anaongea na nani. Pakikaa kimya muda mrefu, kifaa hufuta kumbukumbu hiyo bila kumwambia yeyote. Simu inaamini bado imeunganishwa, seva nayo hivyo hivyo, na mwito unapotea katikati. Ndiyo maana simu hutuma ishara ndogo kila baada ya dakika kadhaa kuthibitisha kwamba njia bado ipo. Ruta iliyowekewa muda mfupi mno huikata njia kabla ya ishara inayofuata. Kama arifa huchelewa ukiwa kwenye Wi-Fi fulani tu, na ukihamia data zinaingia papo hapo, mtuhumiwa ni ruta.

Ujumbe wa kwanza umewasha kioo, iliyofuata haikuwasha. Kwa nini?

Huenda programu imeunganisha meseji za mtu huyo katika arifa moja na kuiagiza simu itoe tahadhari mara ya kwanza tu. Zinazofuata huongezwa kimyakimya ndani ya ileile. Kwa kundi lenye watu mia wanaoandika kwa pamoja, nashukuru mpango huo upo.

Kioo kinawaka chenyewe na nikiangalia hakuna arifa. Simu imeingiliwa?

Karibu kila mara, hapana. Kuna arifa zinazoingia na kuondoka kabla hujaziona: aliyetuma amefuta ujumbe, au wewe mwenyewe umeshausoma kwenye kompyuta na programu ikaiondoa arifa kwenye simu. Kuna kuinua simu: iPhone zilianza kuwasha kioo kwa kuinuliwa mwaka 2016 na iOS 10, na Android nyingi nazo zinafanya hivyo, kwa hiyo meza ikitikisika, simu inaweza kudhani imenyanyuliwa. Kuna kugusa kioo mara mbili, jambo ambalo kitambaa cha mfukoni kinaweza kuliiga.

Na kuna waya wa chaji. Simu yangu iliwahi kunisumbua kwa wiki nzima. Kila usiku chumba kilikuwa kikimulikwa, kinazima, baada ya dakika chache kinamulikwa tena. Niliondoa programu tatu, nikanyamazisha makundi yote, wapi. Usiku mmoja nikakaa nayo macho, nikaona kitu kidogo: kila kioo kilipowaka, alama ya chaji kwenye kona ilipotea nukta moja na kurudi. Waya ulikuwa umelegea kwenye tundu, na kila ulipounganika upya simu iliwasha kioo kuonyesha kwamba chaji imeanza. Nikachokonoa tundu kwa kijiti cha mbao, likatoka donge la vumbi la nguo lililoshindiliwa kama pamba. Tangu hapo, mtu akiniambia simu inawaka yenyewe usiku, swali langu la kwanza ni hili: huwa iko kwenye chaji?

Kioo kinachoonyesha saa muda wote hakimalizi betri?

Inategemea aina ya kioo. Kwenye LCD taa ya nyuma humulika eneo zima hata kama unaonyesha tarakimu nne. Kwenye OLED kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya kioo, hutoa mwanga wake, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. Saa ndogo katikati ya weusi inakula kidogo sana. iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi kwa kupunguza kasi ya kuchora kioo hadi mara moja kwa sekunde. Hata hivyo si bure, na ukiwasha Kiokoa Betri, kwa kawaida kioo cha namna hii huzimwa.

Kinachokula betri kuliko watu wanavyodhani ni kuwaka kikamilifu kwa kila arifa. Tuseme unapokea arifa 200 kwa siku na kila moja inawasha kioo kwa sekunde 8. Hizo ni sekunde 1,600, karibu dakika 27 za kioo kuwaka bila wewe kukitazama. Kabla ya kununua betri mpya, punguza hapo.

Simu inayopigwa na kengele ya kuamka zinawezaje kujaza kioo kizima?

Zina ruhusa ya peke yake. Kwenye Android programu inaweza kuomba kuonyesha ukurasa mzima juu ya skrini iliyofungwa. Programu za matangazo ziliitumia vibaya ruhusa hii, na tangu Android 14 ya mwaka 2023 hupewa moja kwa moja programu za kupiga simu na za kengele tu; nyingine lazima uziruhusu mwenyewe. Kama simu za programu fulani hukuonyesha kijiarifa kidogo tu juu badala ya vitufe vya kupokea, angalia hapo.

Nimevaa saa janja na sasa kioo cha simu hakiwaki.

Ndivyo ilivyokusudiwa kwa Apple Watch: iPhone ikiwa imefungwa na saa iko mkononi imefunguliwa, arifa huenda kwenye saa. Vua saa, zitarudi kwenye simu.

Sitaki aliye karibu nami asome meseji kioo kikiwaka.

Una haki hiyo, na nakusihi uitumie. Kuwasha kioo na kuonyesha maandishi ni mipangilio miwili tofauti. Unaweza kuacha kioo kiwake na kikaonyesha jina la programu tu. Kwenye Android tafuta chaguo la kuficha maudhui nyeti kwenye skrini iliyofungwa. Kwenye iPhone ni sehemu ya Show Previews kwenye mipangilio ya arifa, na tangu iPhone X ya mwaka 2017, zenye kutambua uso huficha maandishi mpaka zikuone wewe mwenyewe. Fikiria hasa namba za siri za mara moja ambazo benki hutuma kwa SMS. Mtu aliyeokota simu yako hahitaji kuifungua ikiwa namba hiyo inaandikwa kwenye kioo mbele ya macho yake.

Nimejaribu kila kitu. Nianzie wapi upya?

Chomoa chaji, toa kava, zima Usinisumbue na Kiokoa Betri, vua saa. Funga simu, iweke mezani ikiangalia juu, na utumiwe SMS ya kawaida, si ya programu nyingine. Kioo kikiwaka, basi kioo na mfumo ni vizima, na shida iko kwenye mipangilio ya programu fulani au kwenye njia ya intaneti. Sasa utumiwe meseji kwa programu yenye shida. Ikiingia kwa wakati bila mwanga, rudi kwenye uzito wa arifa. Isipoingia kabisa mpaka ushike simu, rudi kwenye betri na mtandao. Na kama hata SMS haikuwasha kioo, bandua kioo cha ulinzi, safisha sehemu ya juu kwa kitambaa laini kikavu, urudie. Bado haiwaki, na kioo kinazima ovyo ukiongea na simu, hapo kihisi chenyewe ndicho kibovu, na hiyo ni kazi ya fundi.